Majirani walipiga ndiyo kwa likizo ya ugonjwa, halafu wakachagua walioifuta: hapa kuna wizi au nini?

"Shikamoo mwalimu. Niko Kansas City upande wa Missouri, nafanya kazi ya kuhudumia wazee, nina Green Card, mume wangu alishapata uraia na yeye ndo anapiga kura. Novemba 2024 hapa walipitisha Prop A, pendekezo la sheria lililopigiwa kura na wananchi wenyewe, kima cha chini cha mshahara kipandishwe na tupewe likizo ya ugonjwa yenye malipo. Mwezi wa 5 2025 tukaanza kuhesabiwa masaa, nikajua sasa mtoto akiumwa sikatwi hela. Mwezi wa 8 supavaiza anatuambia imefutwa na bunge. Nikawauliza majirani, wana mabango ya Republican mpaka leo hapo nje, wananiambia wao walipiga ndiyo kwenye Prop A! Na tafiti za maoni kila siku zinasema Wamarekani wengi wanataka hiki na kile lakini matokeo ya uchaguzi yanakuja kinyume. Hivi kura zinaibiwa, tafiti zinadanganya, au hawa watu hawajielewi? Na mimi kuna kitu naweza kufanya?"

Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Najua kwa mtu wa shifti mtoto akipandisha homa usiku, asubuhi inakuwa hesabu: nibaki nipoteze hela ya siku au nimwache kwa jirani niende kazini. Kwa hiyo sitalichukulia swali lako kama mjadala wa darasani.

Nianze na wizi maana hilo ndo linasambaa haraka kwenye magrupu ya WhatsApp. Hakuna aliyeiba. Wapiga kura waliompa Trump Missouri kwa asilimia 58 na ushee ndo hao hao waliopitisha Prop A kwa karibu asilimia 58, siku moja, tarehe 5 Novemba 2024, mashine zile zile. Mwizi gani anaiba juu ya karatasi anaacha chini? Na ukifanya hesabu ndogo tu utaona majirani zako hawakudanganyi. Kamala Harris alipata kama asilimia 40 hapo kwenu. Tuseme kila aliyempigia Harris alipiga ndiyo kwenye Prop A, bila kubaki hata mmoja, na wale wa vyama vidogo tuwajumlishe wote, bado zinapungua kama kura 16 katika kila 100 ili kufika pale Prop A ilipofika. Hizo 16 zilitoka kwa watu wa Trump, hakuna pengine pa kutoka. Yani kwa makadirio ya chini kabisa robo ya waliompigia Trump waliitaka hiyo likizo na huo mshahara, na kwa kuwa haiwezekani watu wote wa Harris waliipenda, ukweli uko juu zaidi ya hapo.

Na wala haikuwa ajali ya mwaka mmoja. Missouri ina tabia hii miaka yote. Mwezi wa 8 2018 wananchi waliitupa sheria ya kubana vyama vya wafanyakazi ambayo bunge lao wenyewe lilishaipitisha, wakaikataa kwa zaidi ya asilimia 67. Novemba mwaka huo huo wakapandisha mshahara wa chini hadi dola 12 kwa asilimia 62, na siku hiyo hiyo wakamchagua Josh Hawley wa Republican kuwa seneta. 2020 wakapanua Medicaid, ile bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, bunge likagoma kutoa hela mpaka mahakama kuu ya jimbo ikaingilia 2021. 2024 pamoja na Prop A walipitisha pia haki ya kutoa mimba, kwa asilimia kama 52, huku gavana wa Republican, Mike Kehoe, akipita kwa 59. Ukiyaona haya kwa mara ya kwanza unadhani watu wamechanganyikiwa. Sisi tuliokulia Tanzania tumezoea karatasi tatu, rais, mbunge, diwani, ukimaliza unaondoka. Mume wako aliingia pale akakuta rais, seneta, gavana, majaji wa kubaki au kutoka, halafu chini kabisa mapendekezo ya sheria moja moja. Hizo ni aina mbili tofauti za swali, na mtu kutoa majibu mawili tofauti kwa maswali mawili tofauti sio kutojielewa.

Hapa ndo penye kiini cha jambo lenyewe kwa hiyo nivumilie.

Mgombea humchukui kipande kipande. Ni kama belo la mitumba, limefungwa, unaona mashati mawili mazuri juu, ukilipa unabeba na yale makoti yasiyo na vifungo ya katikati. Jirani yako alitaka labda mpaka ulindwe, bei zishuke, na bunduki zake zisiguswe, mtu mwenye hayo matatu akaja pia na msimamo wa kupinga likizo ya ugonjwa, jirani akafunga macho kwa hilo moja. Prop A yenyewe ilikuja peke yake, akasema ndiyo. Wewe ungefanyaje?

Watu hudhani kwamba ukijumlisha watu wengi haya matatizo yanajisawazisha, kwamba wengi wakitaka jambo lazima wengi wamchague anayelitaka. Hapana. Chukua karatasi uchore hiki kitu, ukikichora mara moja hukisahau. Watu watano, mambo matatu: likizo, bunduki, shule. Vyama viwili, A na B. Mtu wa kwanza na wa pili wanakubaliana na A kwenye yote matatu. Wa tatu yuko na A kwenye likizo tu, mengine mawili yuko na B. Wa nne yuko na A kwenye bunduki tu. Wa tano yuko na A kwenye shule tu. Kila mmoja apigie chama anachokubaliana nacho kwa mambo mengi zaidi. A inapata kura mbili, B inapata tatu, B imeshinda uchaguzi kihalali kabisa. Sasa rudi uhesabu jambo moja moja. Likizo: wa kwanza, wa pili na wa tatu wako na A, tatu kwa mbili. Bunduki: wa kwanza, wa pili, wa nne, tatu kwa mbili. Shule: wa kwanza, wa pili, wa tano, tatu kwa mbili. A imeshinda kila jambo na imeshindwa uchaguzi! Hakuna aliyeiba, hakuna mjinga, hakuna aliyekosea kuhesabu. Wataalamu wanakiita kitendawili cha Ostrogorski, kwa jina la Moisei Ostrogorski, Mrusi aliyeandika sana juu ya vyama vya siasa mwanzoni mwa karne ya 20. Huwa nawapa wanafunzi hicho kitu wiki ya kwanza na kila mwaka kuna mmoja anakataa mpaka aje ubaoni ahesabu mwenyewe.

Halafu weka uzito. Kwenye ule mfano nilifanya kama vile mambo yote matatu yana uzito sawa kwa kila mtu, maishani haiko hivyo. Mwaka 2012 mwezi wa 12 mtu aliua watoto 20 na watu wazima 6 kwenye shule ya Sandy Hook, Connecticut. Baada ya hapo tafiti zikawa zinaonyesha karibu Wamarekani 9 kati ya 10 wanataka kila mnunuzi wa bunduki achunguzwe kwanza. Tisa kati ya kumi! Aprili 2013 likaja Seneti, likapata kura 54 za ndiyo kwa 46 za hapana, likafa, kwa sababu kanuni za Seneti zilidai 60. Lakini zaidi ya kanuni, maseneta walijua jambo moja: wale tisa wanalipenda jambo hili kama moja kati ya mambo mengi, yule mmoja asiyelitaka ataamka asubuhi na kumwondoa mtu kazini kwa hilo tu. Mwanasiasa hahesabu wangapi wanakubali, anahesabu wangapi watamfukuza. Ukiishika hiyo, mengi ya siasa za huko yanaeleweka, na ya kwetu pia.

Sasa ongeza mchujo, yani ule uchaguzi wa awali ambao kila chama kinapata mgombea wake. Maeneo mengi ya ubunge wa jimbo hapo Missouri, Novemba mshindi anajulikana kabla ya kura, chama kimoja kina wingi mkubwa mno. Uchaguzi wa kweli unakuwa mwezi wa 8 kwenye mchujo ambako wanajitokeza wachache, na hao wachache ndo wale wakali zaidi wa chama. Mbunge wako anawaogopa hao kuliko anavyokuogopa wewe, kuliko anavyomwogopa hata jirani yako mwenye bango. Jirani ni mtu wa Novemba. Atasikitika kuhusu likizo, atanung'unika kwenye shifti, halafu Novemba atapiga kule kule. Mbunge analijua hilo. Aliyepiga kura kufuta Prop A hakuwa na wazimu, alipiga hesabu kwamba hakuna atakayemwadhibu.

Na kuna tundu la kisheria lililomrahisishia kazi. Prop A iliingizwa kama sheria ya kawaida, sio kama kifungu cha katiba. Kuleta sheria kwa njia ya wananchi Missouri unahitaji saini asilimia 5 ya wapiga kura kwenye wilaya sita kati ya nane za ubunge wa Washington, kuleta badiliko la katiba ni asilimia 8, kwa hiyo njia ya sheria ni rahisi na ya bei nafuu. Ila sheria ya kawaida bunge linaweza kuifuta kwa wingi wa kawaida bila kurudi kwenu. Wakaleta muswada, mwezi wa 5 2025 ukapita, mwezi wa 7 Kehoe akasaini, tarehe 28 Agosti masaa yenu yakazimwa. Haki ya kutoa mimba yenyewe iliingia kwenye katiba, hiyo hawakuweza kuifuta wenyewe, ikabidi waipange kurudi kwa wananchi. Tofauti yote ya hayo mawili, yaliyopita siku moja, ni mahali yalipoandikwa. Na wao wameshaona mlango huo, 2025 bunge lilipitisha pendekezo jingine la kupigiwa kura 2026 kwamba badiliko la katiba linaloletwa na wananchi lisipite mpaka lishinde kwenye kila wilaya, zote nane. Wilaya moja tu ikikataa basi.

Tafadhali usiondoke hapa ukidhani dola 15 za mshahara wa chini nazo zimefutwa maana nimesikia watu wakiambiana hivyo. Mshahara wa chini wa dola 13.75 kwa 2025 na dola 15 kuanzia Januari 2026 vilibaki. Kilichoondolewa upande wa mshahara ni ule utaratibu wa kuupandisha kila mwaka kufuata bei za vitu kuanzia 2027. Kama unalipwa chini ya hapo mwaka 2026, hilo ni jambo la kulalamikia mara moja, isipokuwa kuna kazi chache kama za kupokea tipu ambazo hesabu yake ni tofauti.

Nitende haki kwa upande wa pili pia. Waliofuta walisema biashara ndogo zitaumia, na walisema watu walivutwa na mshahara, likizo ikapanda humo humo kama abiria. Hiyo hoja ya pili mimi siidharau. Prop A ilikuwa swali moja lenye mambo mawili, mshahara na likizo, kwa hiyo nayo ilikuwa kafurushi kadogo, na hakuna mtu anayeweza kukuambia kwa uhakika wangapi walitaka likizo peke yake. Ila kama kweli walikuwa na wasiwasi huo, dawa ilikuwa kuirudisha likizo kwa wananchi iulizwe peke yake. Hawakufanya hivyo, na mimi nikiona mtu anasema wananchi hawakuelewa swali halafu hataki kuwauliza tena, najua anaogopa jibu.

Tafiti za maoni sasa. Hazidanganyi, ila zinajibu swali zililouliza, na wewe unasoma kichwa cha habari tu. Mfano mzuri ni wa KFF, taasisi ya Marekani ya utafiti wa mambo ya afya, Januari 2019, waliuliza kuhusu mpango wa serikali kumtibu kila mtu. Asilimia 56 wakaunga mkono. Walipoambiwa kwamba mpango utamhakikishia kila Mmarekani bima kama haki yake, ikapanda mpaka 71. Walipoambiwa utaondoa kampuni binafsi za bima, au utaleta kodi zaidi, ikashuka mpaka 37. Wiki moja, nchi moja, utaratibu ule ule. Sasa mwanaharakati atakuonyesha 71, mpinzani atakuonyesha 37, wote hawajasema uongo. Kampeni kwa kiasi kikubwa ni kazi ya kumsogeza mtu kutoka swali la kwanza kwenda la tatu, kwa hiyo ukiona jambo lina asilimia 70 miezi sita kabla ya kura usishone nguo ya sherehe.

Na usije ukadhani ni Republican tu wanapishana na watu wao. Ukienda California utakuta sura ile ile imegeuzwa. 2008 walimpa Obama asilimia 61 na siku hiyo hiyo wakapiga marufuku ndoa za jinsia moja kwa asilimia 52. 2020 Biden alipata zaidi ya asilimia 63, halafu kwenye karatasi ile ile pendekezo la kurudisha upendeleo wa rangi na jinsia kwenye vyuo na kazi za serikali, ambalo viongozi wakubwa wa Democratic walilipigia debe, likakataliwa kwa asilimia 57. Na 2024 wakapitisha adhabu kali zaidi kwa wizi na dawa za kulevya kwa karibu asilimia 68 huku gavana wao akiwa amelipinga. Kwa hiyo mtu akikuambia wananchi moyoni ni wa chama fulani ila uchaguzi unawapotosha, muulize mbona California hajaitaja. Watu hawako kushoto wala kulia kama vyama vilivyo, wamechanganya, na vyama viwili haviwezi kubeba mchanganyiko wote.

Hata Zanzibar tuliwahi kuliona. Julai 2010 waliulizwa swali moja, serikali ya umoja wa kitaifa ndiyo au hapana, asilimia 66 wakasema ndiyo, CCM na CUF wakiwa upande mmoja. Miezi mitatu baadaye uchaguzi, Dk Shein 50.1, Maalim Seif 49.1. Watu wale wale, visiwa vile vile.

Kuna suala la jinsi kura zinavyogeuzwa kuwa viti, nalipitia haraka kwa sababu kwa kisa chako sio kubwa, Kehoe alishinda kwa wingi wa wazi. Lakini kwengineko ndo penyewe. Uingereza Julai 2024 chama cha Labour kilipata chini ya asilimia 34 ya kura kikachukua viti 411 kati ya 650, chama cha Reform wakapata asilimia 14 wakaambulia viti 5. Marekani Hillary Clinton 2016 alimzidi Trump kwa karibu kura milioni 2.9 na akashindwa. Na Florida Novemba 2024, siku ile ile yenu, haki ya kutoa mimba ilipata asilimia 57 ikaanguka kwa sababu kule badiliko la katiba linataka 60. Missouri 52 imepita, Florida 57 imekufa.

Je utajiri? Najua mtu wa tatu kwenye kila mazungumzo haya atasema matajiri wameshanunua kila kitu. Martin Gilens na Benjamin Page walichapisha 2014 uchambuzi wa maswali ya sera 1,779 na wakaona kwamba matakwa ya mwananchi wa kawaida, ukishayatoa ya matajiri na makundi ya biashara, hayana uzito karibu wowote kwenye kinachopitishwa. Utafiti huo ulipigiwa kelele dunia nzima. Ila waliokuja kuuchambua walionyesha kwamba kwenye mambo mengi sana tajiri na wa kawaida wanataka kitu kile kile, wanapishana kwenye machache, na kwenye hayo machache tajiri hashindi kila mara. Mimi nasimama katikati, hela ina nguvu zaidi pale ambapo hakuna anayeangalia, kwenye kamati saa tano usiku, na nguvu inapungua jambo likiwa wazi mbele ya watu kama lilivyokuwa Prop A kwenye karatasi ya kura. Kisha likarudi bungeni, si unaona.

Jambo moja tu la kukutia moyo kidogo, na linakuhusu wewe mhamiaji. Maoni hayakai mahali pamoja, mara nyingi yanasogea kinyume na aliyeko madarakani. Kampuni ya tafiti za maoni ya Gallup 2024 walikuta asilimia 55 ya Wamarekani wanataka uhamiaji upunguzwe. Mwaka mmoja baadaye, baada ya Trump kuingia na watu kuona kamatakamata kwa macho yao, ikashuka mpaka 30. Watu walewale waliompa kura kwa sababu ya mpaka, baadhi yao walipoona makoti ya katikati ya belo wakashtuka. Hii ndo sababu mshindi akisema wananchi wamenituma nifanye yote niliyosema, mimi huwa natabasamu tu. Kura haina sehemu ya kuandika sababu, anayeshinda anajiandikia mwenyewe.

Sasa unaweza kufanya nini.

Kazini kwanza. Kuna masaa uliyokusanya kati ya tarehe 1 Mei na 28 Agosti 2025, saa moja kwa kila masaa 30 ya kazi. Tafuta hati zako za malipo za miezi hiyo, ziweke, halafu waandikie HR kwa maandishi uwaulize wanayafanyaje, usiulize kwa mdomo kwenye korido. Waajiri wengine waliamua kubaki na likizo hiyo kama sera yao wenyewe. Kama uliomba siku mwezi wa 6 au wa 7 ukanyimwa, au ulipewa onyo kwa kuitumia, hilo halina uhusiano na mambo ya siasa niliyoeleza hapa, hilo ni la mwanasheria wa kazi au ofisi ya msaada wa kisheria hapo mjini, na usilikalie maana madai yana muda wake. Pia uliza kuhusu sheria ya shirikisho ya likizo ya familia, hadi wiki 12 bila malipo kwa ugonjwa mzito wako au wa mtoto, ukiwa umefanya kazi miezi 12 na masaa 1,250 na mwajiri ana watu 50 au zaidi. Haikulipi ila inalinda kazi yako.

Mume wako mwambie asisubiri Novemba. Missouri mtu anachagua mwenyewe karatasi ya chama gani achukue kwenye mchujo wa mwezi wa 8, na pale kura yake ina uzito mara nyingi zaidi kwa sababu wanaojitokeza ni wachache. Bunge la chini la jimbo lina wabunge 163, yani kila mmoja ana watu kama elfu 38 tu, wengine wanashinda mchujo kwa kura ambazo zingejaa kwenye kanisa kubwa moja. Majirani zako wale wenye mabango ni wa thamani kuliko unavyodhani. Mbunge wa Republican akipokea simu ya mtu wa Democratic anajua ni yale yale, akipokea ya mtu wake mwenye bango akimuuliza kwa nini ulifuta nilichokipigia kura, hapo anakaa vizuri kwenye kiti. Ongea nao, usiwacheke.

Wewe mwenyewe na Green Card unaruhusiwa kumpigia simu mbunge, kuandika barua, kwenda kutoa ushahidi kwenye kikao cha kamati ya bunge kule Jefferson City, makao makuu ya jimbo, kujiunga na chama cha wafanyakazi. Usichoruhusiwa ni kupiga kura, na usijiandikishe. Tena wale vijana wanaosimama nje ya maduka na karatasi za kukusanya saini za pendekezo, usisaini hata kama pendekezo ni la likizo yenyewe, saini ni za wapiga kura walioandikishwa tu. Mwambie kwa adabu mimi sio raia, atakushukuru, maana saini mbovu inamuumiza.

Njia yako ni uraia. Kwa kawaida ni miaka 5 baada ya Green Card, ila ukiwa umeolewa na raia na mnaishi pamoja inaweza kuwa miaka 3. Fomu ya kuomba uraia, N-400, inauliza kama umewahi kujiandikisha au kupiga kura Marekani. Kama siku ya kuchukua leseni ya gari karani alikuuliza haraka haraka kama unataka kuandikishwa na ukaitikia tu bila kuelewa, usiijaze hiyo fomu peke yako na usimpe mtu wa mtaani anayejaza fomu kwa bei poa. Mwanasheria wa uhamiaji mwenye leseni aione kwanza, na uende na barua yoyote ambayo ofisi ya uchaguzi imewahi kukutumia nyumbani.